Ditekta na Ardhi ya Kikole

Kwa watu wanaosaka vitu vya kale kwa mashine ya kutambua metali, ambayo wengi huiita ditekta, pwani ya Kilwa ni mahali pa kutamaniwa, kwa kuwa masultani wa Kilwa Kisiwani, waliotajirika kwa biashara ya dhahabu ya Sofala, walitengeneza sarafu zao wenyewe za shaba, na tetesi za hazina zilizofukiwa na Wajerumani zimezidi kuchochea tamaa hiyo. Swali la msingi, hata hivyo, ni mashine hiyo husikia nini na huacha nini.

Ditekta hupitisha mkondo geu wa umeme katika koili, yaani waya uliozungushwa kwa umbo la duara, na mkondo huo huunda uga sumaku unaopenya ardhini; uga huo ukikuta metali huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, ambayo athari yake hunaswa na mashine na kugeuzwa kuwa mlio. Kwa sarafu moja ndogo, usikivu huo kwa kawaida hauvuki sentimita 20 au 30, na hupungua zaidi penye mchanga uliolowa maji ya chumvi au udongo mwekundu wenye chuma kingi. Kwa hiyo, pale Kilwa Kisiwani, ambako mabaki ya karne nyingi yamepandana tabaka juu ya tabaka, mashine hugusa sehemu ya juu tu ya mji.

Kikole, kusini mwa Tanzania, ni suala jingine. Wanaakiolojia wamepachunguza kama kituo cha biashara ya watumwa cha karne ya 19, biashara ambayo Kilwa ilikuwa imeizoea tangu zamani: mwaka 1776 Mfaransa Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka, na baadaye Kilwa Kivinje ikawa bandari kuu ya kusafirisha mateka kutoka upande wa Ziwa Nyasa, hadi Sultani Barghash wa Zanzibar alipopiga marufuku usafirishaji huo baharini mwaka 1873. Mabaki ya makazi yaliyodumu muda mfupi aghalabu huwa karibu na uso wa ardhi, na ndiyo maana mtu mmoja mwenye ditekta na jembe anaweza kuyavuruga kwa siku chache.

Uchungu zaidi ni kwamba mashine ni kiziwi kwa mengi yanayohitaji kujulikana. Mateka wengi walitembezwa na kongwa, yaani mti wenye panda uliofungwa shingoni, na mti huoza. Shanga za kioo, vigae vya vyungu, mifupa ya kitoweo, majivu ya mafiga na mashimo ya nguzo za nyumba za udongo havitoi mlio wowote. Hata kipande cha mnyororo kikipatikana, ushahidi wake hutegemea kama kililala uani, ndani ya nyumba ya mfanyabiashara au kando ya njia, na kikishang'olewa bila kuandikwa, kinabaki chuma chenye kutu tu.

Hasara hiyo ina mfano ulio wazi. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu 9 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na 5 kati yake zilitambuliwa kuwa za Kilwa, lakini kwa kuwa ziliokotwa peke yake mchangani, hakuna awezaye kuthibitisha zilifikaje huko. Kinyume chake, Songo Mnara, kisiwa kilicho karibu na Kilwa Kisiwani, ambako uchimbaji ulikwenda taratibu na kila kitu kikaandikiwa mahali pake, sarafu za shaba zilizokutwa karibu na makaburi zimewasaidia watafiti kueleza jinsi wakazi walivyowakumbuka wafu wao.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba kutafuta vikale bila kibali, na inavitambua kuwa vikale vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Mpaka huo unakata katikati ya karne iliyoijenga Kikole, na kwa hiyo sehemu ya mabaki ya zama za misafara ya watumwa inaweza kukosa ulinzi wa moja kwa moja. Jambo hilo linastahili kurekebishwa. Wakati huohuo, anayekutana na chuma au sarafu ya kale shambani Kikole na aiache ilipolala, aweke alama, na aitaarifu serikali ya kijiji ili wataalamu wa mambo ya kale waitwe kabla jembe halijafika.