Kususia michezo: Ni nani hulipa gharama?

MITEREMKO ya Mlima Elgon, baina ya Kitale na Bungoma, ndiko alikotoka marehemu Ben Jipcho, mwanariadha aliyeaga dunia mwaka wa 2020.

Mnamo 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Jipcho alitwaa dhahabu mbili katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, kisha akamaliza wa tatu katika mbio za mita 1,500. Waliomtangulia ni Mtanzania Filbert Bayi, aliyeweka rekodi mpya ya dunia, na John Walker wa New Zealand.

Baadaye Jipcho alijiunga na riadha ya kulipwa, hivyo Olimpiki ikamfungia mlango. Mashabiki wakabaki kusubiri Bayi na Walker wamenyane tena Montreal mwaka wa 1976. Hawakukutana.

Mwaka huo timu ya raga ya New Zealand ilizuru Afrika Kusini, siku chache tu baada ya wanafunzi kuuawa Soweto. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikataa kuiadhibu New Zealand, ikisema raga haikuwa mchezo wa Olimpiki. Zaidi ya mataifa 20, Kenya na Tanzania zikiwemo, yakasusia. Walker, raia wa nchi iliyolalamikiwa, akanyakua dhahabu.

Hata hivyo, kafara hiyo haikupotea bure. Mnamo 1977, viongozi wa Jumuiya ya Madola waliafikiana kupinga uhusiano wa kimichezo na Afrika Kusini, ambayo haikurejea Olimpiki hadi 1992.

Hali ilikuwa tofauti mwaka wa 1980. Kenya iliandamana na Marekani kususia michezo ya Moscow ili kupinga uvamizi wa Muungano wa Kisovieti nchini Afghanistan. Tanzania ilikwenda, na Bayi na Suleiman Nyambui wakarejea na medali za fedha. Majeshi ya Kisovieti yalisalia Afghanistan hadi 1989.

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Mike Boit, mshindi wa shaba ya mita 800 mwaka wa 1972, alikosa michezo yote miwili. Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia mwaka wa 1978, hakuwahi kushiriki Olimpiki.

Kususia ni silaha halali iwapo dhuluma imeingia michezoni kwenyewe, waliodhulumiwa wameomba msaada huo, na sharti linalotolewa linaweza kutimizwa. Montreal ilikuwa na hayo yote. Moscow haikuwa nayo. Kijana anayefanya mazoezi Kitale au Bungoma ana haki ya kuelezwa hayo kabla ya kutakiwa kutoa miaka yake bora, kwani serikali inaweza kusubiri miaka minne mingine, ilhali yeye huenda asiweze.