Samaki naye ana msongo: kitunguu saumu kitamsaidia?

Shemeji yangu anakaa Amalemba, mjini Kakamega, na nyuma ya nyumba ana bwawa la ngege, samaki ambao sisi huku Pwani twawaita perege. Nilipomtembelea nilimkuta anatwanga kitunguu saumu na tangawizi. Nikadhani leo kuna pilau. Kumbe kinu kile kilikuwa cha samaki.

"Shemeji, hawa wana msongo," akaniambia. "Tangu niwalete vifaranga hawali vizuri, na kila asubuhi naokota wawili watatu wamekufa. Nimeambiwa niwachanganyie hii kwenye chakula."

Nilicheka, kisha nikaona haya, maana jambo lenyewe ni la kweli.

Samaki akivuliwa kwa wavu, akisafirishwa kwenye mfuko, akibanana na wenzake au maji yakipungua hewa, ubongo wake hutoa amri, na sehemu ya mbele ya figo humwaga homoni iitwayo kotisoli. Sukari hupanda kwenye damu ili apate nguvu ya kupambana na hatari. Kwa muda mfupi hiyo ni rehema. Lakini taabu ikiendelea siku baada ya siku, samaki huacha kula, hudumaa, na kinga yake hushuka. Bakteria waliokuwamo majini siku zote bila kumdhuru sasa hupata mlango. Ndiyo sababu wengi hawafi siku ya safari, bali siku kadhaa baadaye.

Sasa mimea. Watafiti wa nchi nyingi wamejaribu kitunguu saumu, tangawizi, manjano na hata habasoda yetu. Huichanganya kwenye chakula kwa majuma kadhaa, kisha huwasumbua samaki makusudi na kuwapima damu. Mara nyingi wale waliokula mimea huonekana wametulia zaidi: kotisoli na sukari hazipandi sana kama kwa wenzao. Inaaminika kwamba viini vya mimea hiyo huzima sumu ambazo mwili huzizalisha ukiwa taabani, na huipa nguvu kinga. Nchini Misri, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwalisha perege kitunguu saumu kuanzia gramu 10 hadi 40 kwa kila kilo ya chakula, na waliokua vizuri zaidi ni wa gramu 30. Kwa hiyo kuzidisha si kuponya.

Hapo ndipo shemeji alipokosea mara ya kwanza. Mimea hii hutangulia taabu. Si ya kukimbiliwa samaki wakishaanza kufa. Tena matokeo hutofautiana kwa aina ya samaki, kipimo na namna mmea ulivyotayarishwa. Mwenye kutia kiganja kwa kukisia hajui anatibu au anadhuru.

Wala tusidanganyike kwamba kitu cha mmea hakina madhara. Wazee wetu waliujua utupa: ukitwangwa na kutiwa kidimbwini, samaki huelea juu wamelewa. Mwarobaini nao ukizidi majini huua samaki. Hata mafuta ya karafuu, yanayotumika kuwatuliza samaki wakati wa kuwapima au kuwashika, ni ya kutiwa majini matone machache tu. Yakizidi, samaki haamki.

Kesho yake, baada ya swala ya alfajiri, tulikwenda bwawani. Samaki walikuwa juu, vinywa wazi, wanagombania hewa. Saa hizo ndipo hewa majini huwa chache kabisa, kwa kuwa usiku kucha mimea ya majini nayo huivuta. Nikamwuliza ametia vifaranga wangapi. "Elfu moja." Mpango wa serikali wa kufufua uchumi wa mwaka 2009, uliosambaza mabwawa ya samaki nchini, ulitia vifaranga 1,000 kwenye bwawa la mita za mraba 300. La shemeji halifiki 100. Juu ya hayo, chakula kilicholala chini kilikuwa kinaoza, na kuoza huko pia hula hewa.

Msongo wa samaki wale ulitokana na bwawa lenyewe. Tukakubaliana ahamishe theluthi mbili, apunguze chakula, abadilishe sehemu ya maji, na amwite afisa wa uvuvi ayapime. Kitunguu saumu kisubiri samaki wakitulia, nacho kipimwe kwa mizani.

Nayaandika haya kwa sababu ya ndugu zetu wanaofuga mwatiko Kilifi na Kwale. Wauzaji wa dawa za mitishamba za mifugo wapo kila mahali, na mfugaji aliyekopa ili achimbe bwawa ni rahisi kumuuzia tumaini. Kabla hujatoa pesa, amka alfajiri ukawatazame samaki wako. Wakiwa juu wanahema, anza na maji.