Mfumo Mpya Umefika: Kamati Inunue Laptop Gani?



Kwa muda sasa ofisi yetu imekuwa ikipokea swali moja kutoka parokia na vigango vingi vya mwambao wa Ziwa, kuanzia Magu hadi Sengerema na visiwani Ukerewe. Je, laptop zetu za zamani zitupwe? Na kama tutanunua nyingine, tununue ipi? Swali hili limezuka kwa sababu mfumo endeshi wa Windows 10, uliokuwa ukitumika katika ofisi nyingi za parokia, ulifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kampuni ya Microsoft inawataka watumiaji wahamie Windows 11.

Tumeona ni vema tueleze jambo hili kwa lugha nyepesi, kwani fedha inayonunua kompyuta ni sadaka za waamini na michango ya wafadhili. Tunaeleza pia kosa tulilolifanya sisi wenyewe, ili wengine wasilirudie.

Mfumo endeshi ni nini, na kwa nini "unazeeka"?

Mfumo endeshi ni programu mama inayoiwezesha kompyuta kuwaka, kufungua mafaili, kuzungumza na printa na kuingia intaneti. Bila huo, kompyuta ni sanduku tu. Watengenezaji hugundua matundu katika programu hiyo kila mwezi, yaani mahali ambapo mwizi au kirusi anaweza kupenya, na hutuma viraka vya kuyaziba. Viraka hivyo huitwa masasisho.

Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015, na Windows 11 ikafuata tarehe 5 Oktoba 2021. Kompyuta yenye Windows 10 haikuzimika Oktoba 2025. Inawaka na kuandika barua kama kawaida, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Kilichokoma ni viraka vya kawaida. Microsoft ilitangaza mpango wa nyongeza kwa watu binafsi uliopangwa kufikia tarehe 13 Oktoba 2026, lakini huko ni kuongeza siku tu, si tiba.

Je, hatari hiyo ni ya kweli? Mwezi Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga mafaili ya kompyuta katika nchi nyingi na kudai fidia. Nchini Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Kiraka cha kuziba tundu hilo kilikuwa kimetolewa miezi miwili kabla, Machi 2017. Walioumia ni wale ambao kompyuta zao hazikuwa zimewekewa kiraka hicho.

Kosa letu

Mwaka 2022 tulipata msaada wa kununua laptop kwa ajili ya vikundi vya maendeleo. Tulitafuta bei nafuu, tukanunua laptop zilizotumika kutoka duka moja mjini. Zilikuwa safi na zenye nguvu ya kutosha, na tukafurahi kwamba fedha ilinunua nyingi kuliko tulivyopanga. Hatukuuliza prosesa ni ya kizazi gani. Kumbe zote zilikuwa za kizazi cha 6, na Windows 11 ilikuwa imeshatoka miezi kadhaa kabla. Ilipofika wakati wa kuhama, hakuna hata moja iliyokubalika.

Laptop mojawapo ilikuwa inatunza hesabu za kikundi cha akiba cha akina mama wauza dagaa. Katibu alikuwa akipeleka flashi katika duka la steshenari kuchapa taarifa. Siku moja flashi ilirudi na kirusi, na mafaili ya hisa na mikopo yakaharibika. Hapakuwa na nakala nyingine. Akina mama walirudi kwenye vitabu vyao vya akiba, kimoja baada ya kingine, na kazi hiyo ilichukua wiki saba. Wawili vitabu vyao vilikuwa vimelowa na wino umefutika. Mmoja wao alituambia kwamba yeye anaikumbuka fedha yake hadi shilingi ya mwisho, ila hajui nani atamwamini. Kikundi kilikubali kumwamini, tunamshukuru Mungu. Lakini hatukupaswa kumfikisha mahali pa kuuliza swali hilo.

Hatusemi kwamba mfumo mpya ungezuia kila kirusi. Tunasema kwamba tulinunua kwa kutazama bei na idadi, bila kutazama mashine itatumika mpaka lini na kazi ya watu italindwaje.

Kibandiko si ushahidi

Jambo hili si geni. Mwaka 2006, Windows Vista ilipokuwa inakaribia kutoka, kompyuta nyingi ziliuzwa zikiwa na kibandiko kilichosema kwamba zinaweza kuendesha Vista. Kibandiko hicho kilihitaji kumbukumbu ya megabaiti 512 tu. Vista ilipofika madukani tarehe 30 Januari 2007, wanunuzi wengi waligundua kwamba mashine zao zinamudu toleo la chini kabisa, na wengine wakafungua kesi mahakamani huko Seattle, Marekani. Watu na ofisi nyingi waliendelea na Windows XP ya mwaka 2001, ambayo huduma yake ilikoma tarehe 8 Aprili 2014.

Fundisho ni hili: kiwango cha chini kinachotajwa na mtengenezaji ni cha kuwasha mashine, si cha kufanyia kazi. Kwa Windows 11 kiwango hicho ni kumbukumbu ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 64. Kuna laptop ndogo mpya madukani zenye vipimo hivyo hivyo na bei ya kuvutia. Hifadhi yake hujaa upesi, masasisho hukosa nafasi, na baada ya muda mfupi katibu anarudi kwenye daftari. Sisi tunashauri kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 8, na diski ya aina ya SSD isiyopungua gigabaiti 256.

Namna ya kukagua kabla ya kulipa

Mwanakamati yeyote anaweza kufanya ukaguzi huu dukani, hata kama si fundi.

1. Kizazi cha prosesa. Kwa prosesa za Intel, Windows 11 inahitaji kwa kawaida kizazi cha 8 au zaidi. Soma namba baada ya kistari: i5-8250U ni kizazi cha 8, lakini i5-7200U ni cha 7, na hiyo haikubaliki. Kwa laptop za AMD, tafuta Ryzen ya mfululizo wa 3000 au zaidi.

2. Usidanganywe na jina la nje. Kati ya laptop zilizotumika zinazopatikana sana, HP EliteBook 840 G5 na Lenovo ThinkPad T480 nyingi ni za kizazi cha 8, lakini zipo zilizotoka na prosesa ya kizazi cha 7. Washa mashine usome mwenyewe.

3. Kitunza siri. Windows 11 inadai kijenzi kinachoitwa TPM toleo la 2.0, ambacho hutunza funguo za usalama. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika tpm.msc, kisha utazame toleo. Wakati mwingine kijenzi kipo ila kimezimwa, na fundi anaweza kukiwasha.

4. Leseni. Hakikisha Windows imethibitishwa kihalali. Programu zilizochakachuliwa huja na vifungua-leseni ambavyo mara nyingi ndivyo vyenye virusi. Pia wapo mafundi wanaoiingiza Windows 11 kwa mlango wa nyuma katika mashine isiyokubalika. Itawaka, lakini Microsoft haitoi uhakika kwamba itaendelea kupata masasisho.

5. Betri na chaja. Itumie bila umeme kwa nusu saa mbele ya muuzaji. Chaja iwe ya volti 230, na plagi iwe ya pini tatu bapa kama soketi zetu.

6. Risiti. Dai risiti ya EFD na dhamana ya maandishi. Mkaguzi wa hesabu ataihitaji, na mfadhili pia.

Mazingira ya Ziwa

Laptop ya ofisi iliyoko ufukweni hupambana na mambo ambayo hayamo katika matangazo. Umeme ukikatika na kurudi ghafla, huja na nguvu kubwa inayounguza chaja, kwa hiyo kifaa cha kulinda umeme kinunuliwe pamoja na kompyuta. Laptop inayochajiwa kwa tundu la USB-C ni faida kubwa visiwani, kwani chaja yake hupatikana kirahisi na nyingine zinaweza kuchajiwa kwa vifaa vya sola.

Wapo pia wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda angani kama moshi na kufuata taa usiku. Huingia kwenye feni ya kompyuta wakachanganyika na vumbi hadi mashine ikapata joto na kuzimika. Fanya kazi mchana inapowezekana, ifunike kwa kitambaa ikiwa imezimwa (kamwe usiifunike ikiwa inawaka), na isafishwe na fundi kila baada ya miezi michache.

Usisahau umbali wa fundi. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, parokia za Sengerema na Geita hufikika kutoka Mwanza bila kusubiri kivuko. Lakini kwa Ukara au Kome safari bado ni ya majini. Kwa vituo hivyo, laptop ya aina inayojulikana, yenye vipuri mjini, ni bora kuliko aina ya kifahari ambayo hakuna anayeifungua.

Je, ile ya zamani itupwe?

Hapana. Upo mfumo endeshi wa bure na halali uitwao Linux. Toleo moja rahisi, Linux Mint 22, limeahidiwa masasisho hadi mwaka 2029, na hufanya kazi katika mashine yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu. Unaweza kulijaribu kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote. Huja na LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia barua na kupiga hesabu, inayofungua pia mafaili ya Word na Excel.

Wengine hudhani programu huria ni mambo ya wageni. Tukumbuke kwamba mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wenzao wa Sweden katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. LibreOffice imetokana na ukoo huo huo wa OpenOffice.

Kabla ya kuhama, hakikisheni printa yenu inakubali, na kama mnatumia programu maalum ya uhasibu, muulizeni aliyeitengeneza. Laptop mbili kati ya zile tulizonunua mwaka 2022 sasa zinatumia Linux na zinafundishia vijana kuchapa.

Akaunti iwe ya parokia, si ya katibu

Windows 11 inapowashwa mara ya kwanza kwa kawaida hudai intaneti na akaunti ya Microsoft. Kwa hiyo mashine ya kisiwani iandaliwe mjini kabla haijavuka. Zaidi ya hapo, mashine nyingi mpya hufunga diski kwa siri zenyewe, na ufunguo wa kuifungulia wenye tarakimu 48 huhifadhiwa katika akaunti hiyo. Katibu akitumia akaunti yake binafsi kisha akahama, siku mashine itakapodai ufunguo parokia itabaki nje ya mlango wake yenyewe. Fungueni barua pepe ya ofisi, andikeni ufunguo huo kwenye karatasi, na muutunze pamoja na nyaraka muhimu.

Kumbukeni pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Orodha za yatima, wagonjwa na wanachama wa vikundi vya akiba ni taarifa za aina hiyo. Wekeni nakala rudufu kila Ijumaa katika diski ya nje, na diski hiyo isilale chumba kimoja na kompyuta.

Neno kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa moyo wenu. Ombi letu ni hili: mnapotaka kutuma laptop zilizotumika, tuandikieni kwanza namba ya prosesa, kumbukumbu na hali ya betri. Laptop mbili zinazokubalika zinatufaa kuliko kumi ambazo baada ya mwaka zitakuwa taka. Na katika bajeti ya kila laptop, tafadhali acheni nafasi ya diski ya nje, kifaa cha kulinda umeme na siku mbili za mafunzo. Vitu hivi havipendezi katika picha, lakini ndivyo vilivyokosekana siku mafaili ya akina mama wa dagaa yalipoharibika.

Kwa kamati, tunapendekeza mambo matatu kabla ya mkutano ujao: orodhesheni kompyuta zote na kizazi cha prosesa zake, amueni ipi ihamie Windows 11, ipi iwekewe Linux, na ipi ipumzishwe, na leo hii, kabla ya kununua chochote, tengenezeni nakala ya mafaili yenu.

Haraka haraka haina baraka. Lakini nakala rudufu isingoje kesho.