Luther na Calvin katika posa za Mbagala

Ugomvi wa Wakristo wenyewe kwa wenyewe hapa Dar es Salaam hauzuki kanisani. Huzuka kwenye posa na kwenye misiba. Nenda Mbagala, Tandika, Mwananyamala au Kawe siku binti wa Kikatoliki anapochumbiwa na kijana wa Kilutheri, au wa AIC kutoka kule Kanda ya Ziwa, utawasikia wazee wa pande zote mbili wakirudi nyuma miaka mia tano. Huyu atasema Luther alikuwa mtawa aliyetamani mke, basi akalivunja Kanisa. Yule atajibu kwamba Papa alikuwa akiuza mbingu kwa fedha. Wakichoka na historia watahamia kwenye ukali: nani anakunywa pombe, nani anafunga, nani anapigia magoti sanamu. Posa yenyewe itakuwa bado haijajibiwa.

Tuanze na hiyo historia, maana nusu yake husemwa visivyo.

Martin Luther alitoa hoja zake 95 tarehe 31 Oktoba 1517, kupinga biashara ya hati za rehema. Alimwoa Katharina von Bora mwaka 1525, yaani miaka minane baadaye, na wakati huo alikwisha kutengwa na Papa tangu mwaka 1521. Kwa hiyo hadithi ya mke haisimami. Kuhusu fedha, ni kweli zilichangishwa, na sehemu yake ilikwenda kujenga Kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma. Lakini Mkatoliki naye ana la kujibu: mwaka 1567, baada ya Mtaguso wa Trento, Papa Pius wa Tano alifuta rehema zote zilizofungamana na malipo. Kosa lilionekana, likarekebishwa, ingawa ilichukua nusu karne.

John Calvin ni mtu mwingine kabisa, na wengi humchanganya na Luther. Alikuwa Mfaransa, na hoja za Luther zilipotoka yeye alikuwa mtoto wa miaka minane. Sifa yake ni mji wa Geneva, alikofika mwaka 1536, akafukuzwa mwaka 1538, akaitwa tena mwaka 1541, na akakaa hadi kufa kwake mwaka 1564. Huko kulikuwa na baraza la wachungaji na wazee wa kanisa lililokutana kila Alhamisi. Mcheza kamari aliitwa mbele yake. Mcheza dansi aliitwa. Mume na mke waliogombana waliitwa. Hata bibi kizee aliyeonekana bado anasali sala za Kilatini aliitwa ajieleze.

Damu nayo ilimwagika kote kote. Mwaka 1553 Michael Servetus alichomwa moto Geneva kwa kuukana Utatu Mtakatifu, na Calvin ndiye aliyemshtaki. Lakini kabla ya hapo Servetus alikuwa ametoroka gereza la Wakatoliki huko Vienne, Ufaransa, nao walikuwa wamekwisha mhukumu kuchomwa. Walipomkosa wakaichoma sanamu yake. Tena mwaka 1572, kuanzia tarehe 24 Agosti, wafuasi wa Calvin waliuawa kwa maelfu mjini Paris na kwingineko Ufaransa, na waliowaua ni Wakatoliki. Anayetaka kuhesabu maiti katika mjadala wa posa ajiandae, mwenzake naye atahesabu.

Sasa tuje kwenye ukali, maana hapo ndipo penye mshangao. Mzee wa kanisa anayemwambia Mkatoliki kwamba pombe ilikatazwa na waanzilishi wa Matengenezo hajawasoma waanzilishi hao. Katika mshahara wa Calvin pale Geneva, pamoja na fedha na ngano, yalikuwamo mapipa mawili ya mvinyo. Mke wa Luther alikuwa akipika bia nyumbani, na mumewe aliisifu. Katazo la pombe tunalolijua sisi ni la karibu zaidi. Limetokana na vyama vya kuacha ulevi vilivyoenea Uingereza na Marekani katika karne ya 19, ambavyo viliwaathiri wamisionari wengi. Hapa Afrika Mashariki likatiwa nguvu na Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ukaingia Uganda na Bukoba. Ndiyo maana utamkuta Mlutheri wa Kilimanjaro ana kata yake ya mbege mkononi na dhamiri yake imetulia, na Mlutheri aliyeokoka wa Kagera hataki hata kukaa karibu na hiyo kata. Wote ni wa KKKT.

Kwa maneno mengine, tunachokiita ukali wa dhehebu aghalabu ni ukali wa mmisionari aliyetangulia kufika kijijini kwa babu. Mkibosho ni Mkatoliki kwa kuwa mapadri wa Roho Mtakatifu ndio waliojenga kwao. Mmachame ni Mlutheri kwa kuwa Wajerumani wa Leipzig walifika kwao mwaka 1893. Hakuna babu aliyeketi kupima Trento na Geneva. Kisha wajukuu wakaja Dar es Salaam, wakapanga nyumba moja Temeke, mlango kwa mlango, kila mmoja akidhani mipaka ile aliichora Mungu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa Kikuyu, nchini Kenya. Mwezi Juni 1913 wamisionari wa Kianglikana, Wapresbiteri wa Uskoti, ambao ni wafuasi wa Calvin hasa, Wamethodisti na wale wa Africa Inland Mission walikutana huko kuzungumzia ushirikiano. Siku ya mwisho Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Wapresbiteri, na Wapresbiteri na wengine wakakaribia meza. Habari zikamfikia Frank Weston, Askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, ambaye dayosisi yake ilifika bara hadi Magila na Masasi. Weston alikuwa Mwanglikana wa mkondo unaojihesabu wa kikatoliki: ubani, kitubio, ishara ya msalaba. Kwake, palipokosekana askofu hapana padri, na pasipo padri hapana sakramenti. Akawashtaki Peel na Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, kwa kosa la uzushi!

Ugomvi ule uliitikisa Uingereza. Jibu la Canterbury lilitoka mwaka 1915, likiwa limepimwa hata watani wakasema maana yake ni kwamba ibada ile ilimpendeza sana Mungu, ila isirudiwe tena. Waafrika, ambao ndio waliokuwa wakigawanywa, hawakuulizwa. Lakini alama imebaki. Mwanglikana wa Masasi au Tanga akihamia Dar es Salaam anatafuta ubani na misa. Yule wa Dodoma, aliyelelewa na wamisionari wa CMS, ubani humkwaza. Kanisa lao ni moja, na tangu mwaka 1970 lina askofu mkuu wake, wa kwanza akiwa John Sepeku wa Dar es Salaam.

Nisije nikaeleweka kwamba ukali wote ni upuuzi. Mwaka 1929 Wapresbiteri wa Kikuyu waliwataka waumini waahidi kuachana na ukeketaji wa wasichana. Wengi walikasirika, wakahama na kuanzisha shule na makanisa yao huru. Wakatoliki hawakuweka sharti hilo, wakiliona ni jambo la mila. Leo sheria za Kenya zinakataza ukeketaji, na za kwetu zinauharamisha kwa wasichana walio chini ya miaka 18. Kwa hilo, kwa maoni yangu, wafuasi wa Calvin waliona mbele, ingawa namna walivyoliendesha iliwagharimu sana.

Turudi kwenye posa ya Mbagala. Wakubwa wa madhehebu wamekwenda mbali kuliko wazee wetu. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu mwanadamu kuhesabiwa haki kwa imani, lile lile jambo lililowatenganisha. Mwaka 2017 makanisa ya mkondo wa Calvin nayo yakajiunga. Kanisa Katoliki linatambua ubatizo wa Kilutheri uliofanywa kwa maji na kwa jina la Utatu, kwa hiyo anayedai kwamba kijana lazima abatizwe upya anapotosha.

Masharti yapo, lakini yanajulikana. Chini ya sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 wachumba wote wawili walitakiwa kuahidi kwamba watoto watakuwa Wakatoliki. Papa Paulo wa Sita alibadili hilo mwaka 1970, na sheria ya mwaka 1983 ikaendelea hivyo hivyo: anayeahidi ni mchumba Mkatoliki, kwamba atajitahidi kadiri ya uwezo wake, na mwenzake hujulishwa tu. Ruhusa hutoka kwa askofu. Askofu huyo huyo, kwa sababu za kutosha, anaweza kuruhusu ndoa ifungwe katika kanisa la Kilutheri nayo ikahesabiwa kuwa halali. Asipoombwa, binti atajikuta hapokei komunyo. Kijana naye akianza kuishi na mwenzake bila ndoa, usharika wake unaweza kumtenga na Meza ya Bwana mpaka arudi kundini mbele ya watu.

Kwa hiyo wachumba wachukue hati zao za ubatizo, waende kwa paroko na kwa mchungaji wote wawili, na waende mapema, kabla kamati ya harusi haijaanza kuchangisha.