M87: Jitu la Angani Lililoacha Kuzaa

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Muhula uliopita, baada ya prepu, kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza aliniuliza bwenini: "Kaka, nyota huzaliwa kutokana na gesi, sivyo? Basi galaksi kubwa zaidi ndiyo inayozaa nyota nyingi zaidi?" Nilimjibu pale pale, "Naam, bila shaka!" Kumbe nilikuwa nimempotosha. Wasomaji wapenzi, leo nalipa deni lile.

Kwanza tuelewane. Galaksi ni mkusanyiko wa nyota mabilioni kwa mabilioni, pamoja na gesi na vumbi, vyote vikishikiliwa na nguvu ya uvutano. Jua letu limo katika galaksi ya Njia Nyeupe. Hii ina mikono iliyojipinda kama ganda la konokono, na humo nyota zingali zinazaliwa.

M87 si hivyo. Haina mikono. Ni galaksi duaradufu, tena imeviringana karibu kama chungwa. Iko umbali wa miaka ya nuru milioni 55 hivi, maanake nuru tunayoipokea leo iliondoka huko kabla binadamu hajakuwako duniani. Mfaransa Charles Messier aliiorodhesha mwaka wa 1781, akiiona kama kiwingu tu. Leo twajua kwamba imo katikati ya kundi la galaksi zaidi ya 1,000, na imenenepa kwa kumeza jirani zake.

Sasa sikieni ajabu. Nyota zake karibu zote zimezeeka. Changa ni chache mno. Je, gesi imekwisha? La hasha! Gesi imejaa tele, lakini ina joto la mamilioni ya digrii. Hapo ndipo penye shida. Tazama sufuria ya chai jikoni: mvuke hauwi matone mpaka uguse kifuniko kilichopoa. Gesi nayo, isipopoa, haiwezi kujikusanya ikawa nyota.

Nani basi anaichochea? Katikati ya M87 kuna shimo jeusi lenye uzito wa majua bilioni 6.5. Gesi inayolikaribia huzunguka kwa kasi, na sehemu yake hurushwa nje kabla ya kumezwa. Mwaka wa 1918, Mmarekani Heber Curtis aliona mstari ulionyooka ukitoka katikati ya galaksi hii. Mstari huo ni mkondo wa chembe zinazokwenda karibu na kasi ya nuru, na ndio unaopasha moto gesi ya pembeni. Gesi ikianza kupoa, huanguka shimoni. Shimo likipata chakula, mkondo huongezeka nguvu, na gesi hupata moto tena. Ni kama mpishi anayesukuma kuni kila moto unapofifia.

Wengine watasema, "Hizo ni hadithi za paukwa pakawa! Nani ameliona shimo lenyewe?" Haya basi. Mwezi wa Aprili 2017, darubini za redio huko Hawaii, Arizona, Mexiko, Chile na Hispania zililenga M87 kwa pamoja, zikipatanishwa na saa za atomu, zikawa kama darubini moja yenye upana wa dunia. Picha ilitolewa tarehe 10 Aprili 2019: pete ya mwanga, na katikati yake giza. Giza hilo ni kivuli cha shimo.

Kwa hivyo, ndugu yangu wa Kidato cha Kwanza, jibu langu lilikuwa kosa. Ukubwa si hoja. Hata gesi nyingi si hoja, kama haipati nafasi ya kupoa.

Usiku wa mwezi wa Mei, mwendapo bwenini, tazameni juu utosini. Mtaona nyota nyeupe angavu, ndiyo Sumbula. Upande wake wa kaskazini ndiko iliko M87. Kwa macho matupu hamtaiona, lakini mtajua iko. Na mkiwa na swali, ulizeni. Safari hii nitafikiri kwanza kabla ya kujibu.