Kupogoa mto: Kwa nini mstari wa ramani si mto wenyewe

MSOMAJI mmoja wa safu hii, ambaye ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya upili, amenitaka nimsaidie kupata neno. Anauliza tuiite vipi kazi ya mchora ramani anapopunguza kona za mto ili mstari wake uenee katika ramani ndogo. Yeye hutumia ‘kurahisisha’, ila anahisi kwamba neno hilo haliwatoshi wanafunzi wake. Nakubaliana naye. Hata hivyo, kabla ya kumpa neno, sharti tuielewe kazi yenyewe, maadamu istilahi isiyoegemea ujuzi wa jambo linalotajwa huwa ni sauti tupu.

Tuuchukue mto Tana. Huu ndio mto mrefu zaidi nchini Kenya, takriban kilomita 1,000 kutoka nyanda za juu hadi Kipini, unapoingia katika Bahari Hindi. Kuanzia Garissa kwenda Hola hadi Garsen, ardhi ni tambarare na mto hauna haraka. Hupinda kulia, ukapinda kushoto, ukakaribia kurudi ulikotoka. Baadhi ya mipindo yake ya kale imeachwa na maji, ikabaki vidimbwi vyenye umbo la mwezi mwandamo.

Mchora ramani ana karatasi tu. Katika ramani ya skeli ya 1:50,000, milimita moja ya karatasi husimamia mita 50 za ardhi. Katika ile ya 1:250,000, husimamia mita 250. Katika ile ya 1:1,000,000, milimita hiyo hiyo ni kilomita nzima. Basi kona ya mto yenye upana wa mita 200 itachukua milimita 4 katika ramani ya kwanza, milimita 0.8 katika ya pili na milimita 0.2 katika ya tatu. Akishikilia kuzichora kona zote katika ramani hiyo ya mwisho, wino utagusana na mto utageuka doa. Mtaka yote hukosa yote.

Hapa pana utata wa lugha ambao huwatatiza wengi. Mtu akiona ramani ya Afrika nzima husema ina ‘skeli kubwa’, kwa kuwa imebeba eneo kubwa. La hasha! Skeli ni sehemu, na moja juu ya 50,000 ni kubwa kuliko moja juu ya 1,000,000, sawa na vile nusu ya chapati inavyoishinda robo. Ramani ya mtaa ndiyo yenye skeli kubwa. Ramani ya bara ina skeli ndogo.

Swali la kwanza la mchora ramani ni: mito ipi ibaki? Mwaka wa 1966, Friedrich Töpfer na Wolfgang Pillewizer walieleza kanuni inayotegemea kipeuo cha pili. Ukihama kutoka 1:50,000 hadi 1:250,000, gawanya 50,000 kwa 250,000 upate moja ya tano. Kipeuo chake cha pili ni karibu 0.45. Kwa hiyo, palipokuwa na vijito 100, ramani mpya inakadiriwa kumudu kama 45 hivi. Kanuni hukupa idadi, haikutajii majina. Kijito chembamba katika nchi kame, ambacho ndicho tegemeo la pekee la wafugaji, chaweza kustahili kubaki kuliko kijito kinene kilichozungukwa na vingine kumi.

Swali la pili ni: katika mto uliobaki, kona zipi ziondoke? Tarakilishi huuhifadhi mto kama msururu wa nukta zilizounganishwa. Mnamo 1973, David Douglas na Thomas Peucker walichapisha nchini Kanada mbinu inayotumiwa hadi leo. (Urs Ramer alikuwa ameeleza mbinu kama hiyo mwaka mmoja kabla yao.) Ichukulie kama kazi ya fundi na uzi wake. Vuta uzi kutoka nukta ya kwanza ya mto hadi ya mwisho. Tafuta nukta iliyo mbali zaidi na uzi huo. Ikiwa umbali wake unazidi kiwango ulichojiwekea, tuseme mita 100, nukta hiyo inabaki, na uzi unakatika kuwa nyuzi mbili zinazokutana hapo. Rudia kwa kila uzi. Pasipo na nukta iliyovuka kiwango, zote za katikati zinaondolewa.

Mbinu hiyo huhifadhi ncha kali, na nyakati nyingine mto hutoka umechongoka kama meno ya msumeno. Mwaka wa 1993, Mahes Visvalingam na Duncan Whyatt wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, walitoa njia nyingine. Kila nukta pamoja na jirani zake wawili huunda pembetatu. Nukta yenye pembetatu ya eneo dogo kuliko zote ndiyo inayoondoka kwanza, kisha maeneo yanapimwa upya, na kazi inaendelea. Aghalabu mto hubaki na mwendo wake wa kujinyonganyonga, hata kona zikiwa chache.

Hakuna mbinu kati ya hizo inayojua kwamba kuna watu wanaoishi kando ya mto. Mji wa Garissa uko upande mmoja wa Tana. Madogo iko ng’ambo ya pili, katika kaunti ya Tana River. Ukinyoosha mto ovyo ilhali nukta za miji zimeachwa zilipokuwa, mji waweza kujikuta umevuka mto bila daraja, na pengine kuhama kaunti. Vilevile, mto ulionyooshwa bila kuangalia mistari ya mwinuko waweza kuonekana ukipanda mlima. Ndiyo maana mchora ramani mzuri hurejea kukagua kwa macho yake kazi iliyofanywa na tarakilishi.

Urefu nao hubadilika. Lewis Fry Richardson, mwanasayansi Mwingereza, aliona kwamba mpaka mmoja wa Uhispania na Ureno ulitajwa kuwa na kilomita 987 kwingine na 1,214 kwingine. Si lazima pawe na mwongo hapo. Mpaka huo hufuata mito katika sehemu kadhaa, na anayepima kwa hatua ndogo huzihesabu kona ambazo mwenye hatua kubwa huziruka. Kwa hivyo, anayekwambia urefu wa mto bila kukwambia aliupima kwa ramani gani amekupa nusu ya jibu.

Je, haya yanamhusu nani asiyekuwa mwalimu wa Jiografia? Yanamhusu kila mwenye nyumba au shamba karibu na maji. Kanuni za usimamizi wa rasilimali za maji za 2007 ziliweka ardhi ya kingo za mito kuwa kati ya mita 6 na mita 30, kulingana na upana wa mto. Baada ya mafuriko ya 2024, serikali iliwaamuru waliokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, na nyumba zikabomolewa Mathare na Mukuru, Nairobi. Hebu tupime. Katika ramani ya 1:50,000, mita 30 ni milimita 0.6. Mstari wa mto wenye unene wa milimita 0.5 peke yake umefunika mita 25. Katika ramani ya 1:250,000, mita 30 ni milimita 0.12, takriban unene wa unywele. Ongeza kona zilizoondolewa, kisha uniambie ukingo uko wapi!

Sidai kwamba ramani za aina hiyo ndizo zilizotumiwa. Ninachosema ni kwamba haziwezi kumwamulia mtu kama nyumba yake ibaki au iondoke. Swali hilo linahitaji mpimaji afike mtoni, au ramani ya skeli kubwa sana. Katika ile ya 1:2,500, mita 30 ni milimita 12, ambazo jicho linaziona. Simu nazo zimetuzidishia hatari. Ukiivuta ramani kwa vidole viwili mstari wa mto hukua, lakini kona zilizokatwa hazirudi. Kama mstari ulitoka katika ramani ya 1:250,000, utabaki kuwa wa 1:250,000 hata ukijaza kioo kizima.

Sasa nimjibu mwalimu. ‘Kurahisisha’ hudokeza kwamba jambo gumu limefanywa jepesi na hakuna kilichopotea. Napendekeza kitenzi ‘kupogoa’, na nomino ‘upogoaji’. Mkulima wa kahawa huupogoa mbuni ili umbo lake libaki na matawi yasiyohitajika yaondoke. Neno hilo linatukumbusha mambo matatu: kuna kilichokatwa, kuna aliyekata, na alikata kwa kusudi fulani. Kuhusu kuchagua mito ya kubaki, ‘uteuzi’ linatosha. Wanafunzi wakizoea kusema kwamba mto huu umepogolewa, watauliza wenyewe umepogolewa na nani, kwa skeli gani na kwa matumizi yepi. Na siku mtu atakapofika mlangoni mwao na ramani mkononi, akiwaonyesha mto ulipo na nyumba yao ilipo, watajua la kumuuliza kabla hawajaanza kufunga mizigo.