Hifadhi ya Diski Zilizoungana na Ulinzi wa Kumbukumbu za Kiswahili

0. Utangulizi

Idara za lugha zilizozoea kuweka kumbukumbu zao katika kaseti na madaftari zimejikuta leo na hazina ya namna nyingine: faili za sauti, picha za miswada, tasnifu na orodha za msamiati. Hazina hiyo haijazi rafu wala haishikiki kwa mkono. Hukaa ndani ya diski, na kila diski, iwe ya bei kubwa au ya bei ndogo, ina siku yake ya kufa. Mtafiti aliyemrekodi mzee akisimulia habari za mji wake miaka thelathini iliyopita hawezi kurudi kumwomba asimulie tena. Sauti hiyo ikipotea, imepotea.

Makala haya yanakusudia kueleza mfumo wa kuunganisha diski kadhaa uitwao RAID, jinsi unavyoundwa na kufikiwa kupitia mtandao wa ndani wa chuo, na jinsi unavyotunzwa. Hoja yake kuu ni kwamba mfumo huo hulinda kazi isikatike diski inapokufa, lakini haulindi kumbukumbu zisifutwe na mkono wa mtu. Asiyetenganisha mambo hayo mawili hujidhani yu salama hali yu hatarini.

1. Asili ya mfumo

Mwezi wa Juni 1988, katika mkutano uliofanyika Chicago, Marekani, wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, yaani David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walitoa makala ambayo baadaye ilibadili namna ya kuhifadhi data ulimwenguni. Wakati huo mashine kubwa zilitegemea diski kubwa za bei ghali, ilhali kompyuta za mezani zilitumia diski ndogo za bei nafuu, zenye ujazo wa megabaiti 100 hivi. Watatu hao walidai kwamba diski ndogo nyingi zikifanya kazi pamoja zingeweza kuishinda diski moja kubwa kwa wepesi na kwa bei.

Hata hivyo, palikuwa na kikwazo, nao wenyewe walikipigia hesabu. Ikiwa diski moja hudumu kwa wastani wa saa 30,000 kabla ya kuharibika, basi katika kundi la diski 100 wastani wa kungojea kifo cha kwanza ni saa 300 tu, yaani chini ya majuma mawili. Kadiri wanakundi wanavyoongezeka, ndivyo uwezekano wa mmoja wao kuanguka unavyokuwa mkubwa. Dawa waliyoipendekeza ni kuweka ziada: sehemu ya diski ibebe habari zitakazowezesha kuyarudisha yaliyokuwa katika diski iliyokufa. Ndiyo maana ya jina RAID hapo mwanzo: safu ya diski za bei nafuu zenye ziada. Baadaye watengenezaji waliliondoa neno «nafuu» na kuweka «zinazojitegemea».

2. Namna ziada inavyofanya kazi

Ziada ya kwanza na rahisi kueleweka ni kioo. Kila kinachoandikwa katika diski moja huandikwa pia katika nyingine. Moja ikifa, ya pili huendelea na kazi. Gharama yake ni nusu ya ujazo wote.

Ziada ya pili ni pariti, nayo yahitaji mfano. Diski huandika kila kitu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Tuseme diski tatu zina maandishi haya:

Diski A: 1011
Diski B: 0110
Diski C: 1100

Katika diski ya nne huandikwa tarakimu zitakazofanya idadi ya 1 katika kila safu wima iwe shufwa. Safu ya kwanza ina 1 mbili, kwa hiyo huongezwa 0. Safu ya pili na ya tatu ni vivyo hivyo. Safu ya nne ina 1 moja tu, kwa hiyo huongezwa 1. Pariti basi ni 0001. Sasa diski B ikifa, hesabu ileile hufanywa juu ya A, C na pariti, na jibu ni 0110, yaani maandishi ya B yaliyopotea. Hakuna muujiza hapo: aliyejua jumla na sehemu zote ila moja aweza kuipata iliyobaki. Lakini sehemu mbili zikikosekana, pariti moja haitoshi.

Kutokana na misingi hiyo hupatikana aina zinazotumika zaidi. RAID 0 hugawanya data katika diski zote bila ziada yoyote. Ni nyepesi, lakini diski moja ikifa vyote hupotea, na hivyo haifai kabisa kwa kumbukumbu. RAID 1 ni kioo. RAID 5 hutawanya pariti moja katika diski zote na kuvumilia kifo cha diski moja. RAID 6 huweka hesabu mbili tofauti za ziada na kuvumilia vifo viwili vyovyote. RAID 10 huunganisha vioo viwili au zaidi. Huvumilia vifo viwili iwapo tu havikutokea katika kioo kimoja.

3. Kuchagua kwa kipimo

Kabla ya kununua chochote, idara hupasa kujua uzito wa mali yake. Sauti iliyogeuzwa kwa kiwango cha sampuli 96,000 kwa sekunde, biti 24 kwa kila sampuli, katika njia mbili, huchukua takriban gigabaiti 2 kwa saa. Idara yenye kaseti 1,000 za dakika 90 ina saa 1,500, sawa na terabaiti 3 na kidogo. Hata zikiongezwa picha za miswada na tasnifu zote, terabaiti 8 zaweza kutosha kwa miaka kadhaa.

Kwa diski nne za terabaiti 4 kila moja, RAID 5 hutoa terabaiti 12 za kutumia, nazo RAID 6 na RAID 10 hutoa 8. Wengi huvutwa na ile 12. Ila yafaa kufikiri yatakayotokea siku diski itakapokufa. Diski mpya ikishaingizwa, mfumo hulazimika kusoma diski tatu zilizobaki tangu mwanzo hadi mwisho ili kuijaza, yaani terabaiti 12. Kazi hiyo huchukua saa nyingi. Watengenezaji wa diski za kawaida huandika katika vipimo vyao kwamba hitilafu moja ya kusoma isiyorekebishika yaweza kutokea kwa kila biti 10 kwa kipeo cha 14, ambazo ni terabaiti 12.5. Kipimo hicho ni cha tahadhari, na diski nyingi hufanya vizuri kuliko hapo. Lakini katika saa hizo RAID 5 haina ziada tena, na diski ya pili ikianguka hakuna cha kuihesabia. Kwa sababu hiyo, RAID 6 au RAID 10 hufaa zaidi kwa kumbukumbu zisizorudika. Idara ndogo yaweza kutosheka na kioo cha diski mbili.

4. Kuunda na kuunganisha

Mfumo waweza kuundwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kununua sanduku lililotengenezwa tayari kwa kazi hiyo, lenye nafasi za diski na programu zake. Ya pili ni kutumia kompyuta ya kawaida yenye Linux na programu huria ya mdadm. Njia ya pili hudai ujuzi zaidi, lakini ina faida moja kubwa: kompyuta ikiharibika, diski zaweza kuhamishiwa katika kompyuta nyingine yenye Linux na kusomeka, bila kutafuta sanduku la aina ileile.

Diski zenyewe ni vema zisitoke zote katika fungu moja la kiwandani, maana zilizozaliwa pamoja na kufanyishwa kazi ileile huweza kufa kwa karibu. Kila diski ibandikwe namba yake ya kiwanda mahali panapoonekana. Jambo hili laonekana dogo, lakini siku ya ajali fundi mwenye haraka aweza kuichomoa diski nzima na kuiacha iliyokufa.

Baada ya safu kuundwa, huwekwa juu yake mfumo wa faili, kisha hugawiwa katika mtandao. Samba hutumika ili kompyuta za Windows zione hifadhi kama folda ya kawaida. NFS, iliyobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984, hutumika baina ya mashine za Linux na Unix. Katika mtandao wa waya wa gigabiti moja kwa sekunde, saa moja ya sauti iliyotajwa hapo juu hupita kwa sekunde ishirini hivi.

Haki za watumiaji zigawiwe tangu siku ya kwanza. Folda ya rekodi asilia iwe ya kusoma tu kwa walimu na wanafunzi, na mtu mmoja au wawili pekee waruhusiwe kuongeza. Kazi za kila siku, kama unukuzi na tafsiri, ziwe na folda yake. Hivyo mwanafunzi anayejifunza kukata sauti hatakata ile asilia.

5. Utunzaji

Adui wa karibu katika miji yetu ni umeme. Ukikatika wakati data zinaandikwa, yawezekana data mpya iwe imeingia nayo pariti yake bado, na tangu hapo hesabu haitakubaliana na ukweli. Seva basi iunganishwe na kifaa chenye betri, na kifaa hicho kiwe na waya wa kuiarifu seva ijizime yenyewe kwa utaratibu betri inapokaribia kuisha. Betri bila taarifa hiyo huahirisha tu ajali.

Pili, safu yote isomwe mara kwa mara ili hitilafu zilizojificha zigunduliwe kabla ya siku ya msiba. Katika Linux ya Debian, uchunguzi huo umepangwa kufanyika Jumapili ya kwanza ya kila mwezi. Tatu, mfumo upangwe kutuma barua pepe diski inapoanguka, na barua hiyo imfikie mtu aliye kazini, si aliyekwisha kuhama. Nne, diski moja ya akiba iwe kabatini. Kungojea ununuzi kwa majuma ni kutembea bila ziada kwa majuma. Tano, kuwe na daftari linaloeleza mpangilio wote, ili ujuzi usiondoke na mtu mmoja.

6. Ziada si nakala

Yote yaliyosemwa hadi hapa hulinda dhidi ya kifo cha diski. Sasa uangaliwe mfano wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani. Kati ya tarehe 14 na 16 Desemba 2021, terabaiti 77 hivi za data za utafiti zilifutwa katika hifadhi ya kompyuta yake kubwa: faili zipatazo milioni 34, mali ya vikundi 14 vya watafiti. Chanzo hakikuwa kufa kwa diski. Programu ndogo ya kazi za nakala, iliyopaswa kufuta taarifa za zamani za mfumo, ilibadilishwa na kampuni iliyouza mfumo hali toleo la awali likiwa bado linafanya kazi. Katikati ya badiliko hilo amri ya kufuta ilipoteza anwani yake, ikageukia faili za watafiti. Data za vikundi vinne hazikuweza kurejeshwa.

Fundisho lake ni wazi. RAID hutii kila amri kwa uaminifu: amri ya kufuta hutekelezwa katika diski zote papo hapo, na pariti huhesabiwa upya ili ilingane na utupu. Vivyo hivyo kwa programu haribifu, moto, wizi na maji. Ndipo ilipotokea kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu za kila kitu, katika vyombo vya namna mbili, na moja kati yake ikae mahali pengine, mbali na jengo. Kwa idara, diski ya nje inayonakiliwa kila juma, kisha kuchomolewa na kupelekwa katika jengo jingine, ni mwanzo mwema.

Tena, nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu. Kila muhula zichaguliwe faili chache, zirejeshwe na kusikilizwa. Pia kila faili asilia ihesabiwe alama ya uthibitisho, kama ile ya SHA-256, na alama hizo zitunzwe katika orodha. Biti moja ikibadilika, alama hutofautiana na ubovu hujulikana.

7. Hitimisho

Mwaka 1965, huko Elisabethville, Lubumbashi ya leo, André Yav alikusanya historia ya mji huo kwa Kiswahili cha watu wake, kwa ajili ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Maandishi hayo hayakutoka katika kiwanda kikubwa cha vitabu, nayo yangeweza kupotea kabisa. Yalisalia kwa sababu nakala ilifika mikononi mwa watafiti, na mwaka 1990 Johannes Fabian akayachapisha pamoja na tafsiri yake. Kilichoyaokoa si ugumu wa karatasi, bali kuwako kwa nakala mahali pengine na mtu wa kuitunza.

Kanuni hiyo haijabadilika kwa kuja kwa diski. RAID huipa idara hifadhi isiyosimama kwa kifo cha diski moja, nayo yastahili kuundwa kwa uangalifu. Lakini uhai wa kumbukumbu hutegemea nakala za mbali, majaribio ya kurejesha, na mtu aliyepewa kazi hiyo kwa jina. Idara itakayonunua diski bila kumteua mtu huyo itakuwa imenunua sanduku tu.